Muulize Madam: Nilisomea kuandika, sasa nasahihisha tu

Barua nne mwezi huu. Nimezijibu kwenye meza ileile ya Jumamosi, nyuma ya duka la fotokopi hapa Nakuru, ambapo watu tisa hukutana kusomeana walichoandika. Mashine ikianza kunguruma tunanyamaza, ikitulia tunaendelea. Mkiona jibu limekatika mahali, laumuni mashine.

BARUA: Madam, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya kutwa karibu na Ahero. Nilimaliza kozi ya uandishi wa kubuni miaka minne iliyopita, na wakati huo nilikuwa natoa hadithi moja kila mwezi. Sasa nina wanafunzi 162 katika vidato vitatu, na kila wiki mbili insha zinarudi mezani. Sijaandika hata ukurasa. Rafiki yangu tuliyesoma naye hafundishi, anauza simu Kisumu, na yeye ana mswada mzima. Je, niache kazi? (Mwalimu wa Ahero)

JIBU: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kazi usiache. Mshahara wa mwalimu ni mdogo lakini una tarehe yake, na mtu asiyejua atakula nini Ijumaa haandiki vizuri Jumatano. Nimewaona.

Ila nina neno na hiyo hesabu yako ya wanafunzi 162, maana mimi pia nilijificha nyuma ya hesabu kama hiyo. Nilifundisha miaka 29, kwanza upande wa Vihiga, kisha hapa Nakuru, na katikati kuna miaka 11 ambayo sikuandika chochote isipokuwa maoni ya ripoti za muhula: "Ana uwezo, aongeze bidii." Kila aliyeniuliza nilimwambia sina muda. Ilikuwa kweli kiasi cha kutosha kunifanya nisichunguze zaidi.

Desemba moja nikawa nyumbani, shule zimefungwa, hakuna hata daftari moja la mtu. Nikafungua ukurasa mpya nikaanza kuandika kuhusu mama yangu akiteremka kisimani alfajiri na mtungi wake. Nusu ukurasa ukaenda vizuri. Nikaenda kujimiminia chai. Niliporudi ndipo nikaona nilichokuwa nimefanya bila kujua: chini ya kitenzi kimoja pana mistari miwili. Wewe unaijua. Mistari miwili ni kosa la sarufi, mmoja ni hijai, yaani tahajia, na hijai huadhibiwa mara ya kwanza tu. Juu ya neno "alfajiri" nilikuwa nimeweka tiki, yaani msamiati bora. Mahali pengine pana kile kikofia cha neno lililoachwa. Na chini kabisa, upande wa kulia, tiki ya kuonyesha kwamba ukurasa umesomwa. Kilichobaki ni alama, na nikajikuta naikadiria: 09 kati ya 20. Kiwango cha C. Mama yangu, kisima, mtungi, alfajiri yote ile: C.

Kwa hiyo muda nilikuwa nao. Nilichokosa ni mahali pa kuandikia ambapo mtahini hajawahi kuketi.

Nilichofanya baadaye hakipo kwenye kozi yoyote ninayoijua. Nilichukua karatasi za zamani za moki, ile mitihani ya majaribio, zile zilizochapwa upande mmoja, nikaandika nyuma yake kwa penseli. Tena niliandika kwa Kimaragoli, jinsi mama anavyozungumza, kwa sababu kwa Kimaragoli hakuna mtu aliyewahi kunipa mwongozo wa kusahihishia. Rasimu ya kwanza ilitoka kwa siku nne. Kuileta katika Kiswahili kulinichukua miezi, lakini kufikia hapo tayari ilikuwa inapumua yenyewe, na kalamu nyekundu ikawa na kazi yake halali.

Jambo la pili lifanye darasani. Siku ya insha, wakiandika, andika nao. Swali lilelile, muda uleule. Usikae pale mbele ukiwakodolea macho. Mimi nilianza na kidato cha pili, mkondo wa Mashariki, swali la methali, na wiki iliyofuata nikawasomea yangu. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye muhula mzima hakuwa ametoa sauti, akainua mkono: "Madam, hapo kwa mto ilikuwa tamu, halafu ukaanza kutuhubiria." Darasa likanyamaza kusubiri atolewe nje. Nikaitazama karatasi yangu. Mahubiri yalianzia aya ya nne, na yalikuwa yameendelea hadi mwisho. Nikayakata palepale mbele yao. Hadithi hiyo, iliyokatwa mkia na mtoto wa miaka 15, ndiyo yangu ya kwanza kuchapishwa baada ya ile miaka 11.

Na tafadhali usisahihishe kila kosa la kila insha. Najua mkuu wa idara anapenda kuona wekundu. Chagua aya moja uisome kwa makini kama msomaji, zile nyingine wasahihishane wenyewe. Utashangaa walivyo wakali kuliko wewe.

Ukidhani ualimu na vitabu havikai nyumba moja, mtazame Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar. Alifundisha fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, mpaka alipostaafu. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, Tuzo ya Nobel ikamfikia 2021. Ni miaka 34 hapo katikati, na mingi ya miaka hiyo alikuwa na karatasi za wanafunzi mezani kama wewe. Euphrase Kezilahabi naye, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa kilichomo katika ziwa hilohilo linalopokea maji ya Nyando yenu, alifundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana huku akiandika riwaya na mashairi yaliyowagombanisha washairi wa pwani na bara. Sidhani kuna aliyemwondolea vipindi ili apate nafasi ya kugombana.

Rafiki yako wa simu ana mswada kwa sababu akifunga duka jioni sentensi zake zote bado anazo. Wewe umezigawa 162. Mwambie aje Ahero Jumamosi na kurasa tano za huo mswada, nawe uwe na zako mbili. Za penseli.

BARUA: Madam, hujambo? Binti yangu amepata B+ na anasema anataka kusomea uandishi. Mimi nina ng'ombe wawili na kishamba cha miwa ambayo bei yake unaisikia mwenyewe. Nimemwambia asomee uuguzi badala yake. Nani amewahi kuona tangazo la kazi linalosema "anatakiwa mtunzi wa hadithi"? Msaidie mtoto huyu aone ukweli. (Baba wa wasichana watatu, Kakamega)

JIBU: Baba, sijambo, na poleni na miwa.

Tuanze na uuguzi, maana hapo hukukosea sana. Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, alikuwa muuguzi na mkunga. Alisomea Uganda na Uingereza, akafanya kazi hospitali ya Maseno, si mbali sana na kwako. Kufikia 1966 riwaya yake ilikuwa imeshachapishwa. Wodi haikumzuia. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, forodhani. Neno linalonisumbua katika barua yako ni "badala yake".

Sasa hiyo kozi. Watu hudhani ni mahali unapokabidhiwa kipawa ndani ya bahasha. Semina ya Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, iliyoanza 1936 na kuigwa na nyingine nyingi, na ile ya East Anglia, Uingereza, iliyoanzishwa 1970, kiini chao ni jambo dogo sana: watu wachache wameketi mezani, wote wameisoma kazi yako kabla ya kuja, na wanakuambia ni wapi walipochoka. Ni jambo zuri. Kazuo Ishiguro alipita East Anglia, akamaliza 1980, na Nobel akaipata 2017. Lakini baadhi ya wa kwetu waliofika huko walifika wakiwa wameshaandika. Okot p'Bitek wa Uganda, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi Kisumu na kuanzisha tamasha la sanaa pale, alikuwa ameshatoa utenzi wake maarufu 1966 kabla ya kwenda Iowa, kwenye mpango wa kimataifa wa waandishi. Binyavanga Wainaina, mtoto wa Nakuru hii hii, alikwenda Afrika Kusini kusomea biashara. Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Kiafrika, aliipata 2002, mwaka uliofuata jarida la Kwani? likatoka yeye akiwa mhariri mwanzilishi, na shahada ya uandishi ya East Anglia akaichukua baadaye. Yeye mwenyewe pia aliongoza kituo cha waandishi katika chuo cha Bard, Marekani. Ukitaka kumwonyesha binti yako mtu aliyetokea mji wa kwetu, mwonyeshe huyo, ila umwambie pia kwamba njia yake ilipinda mara nyingi.

Kazi je? Tangazo hilo mimi pia sijaliona. Kati ya waliopita kwenye meza yetu, mmoja anaandika michezo ya redio kwa stesheni ya lugha ya mama. Wawili wanaandika vitabu vya ziada vya shule za msingi. Mmoja anasoma prufu za watu wengine na macho yanamwuma. Mwingine ana bodaboda na mashairi, na bodaboda ndiyo inayolipa. Hakuna anayeishi kwa hadithi peke yake. Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba usiuze ng'ombe kwa shahada ya uandishi pekee. Achukue ualimu wa Kiswahili, au mawasiliano, au huo uuguzi wako kama damu haimtishi, na kuandika aendelee nako tangu leo jioni.

Mwenzangu wa hapa mezani, yule wa prufu, amesoma jibu hili akakataa. Anasema kijana akinyimwa kitu alichokipenda akiwa na miaka 18 hukirudia akiwa na 40, na wakati huo hukirudia kwa hasira. Nimemwandikia hapa maneno yake kwa sababu huenda ndiye mwenye haki, na kwa sababu ndivyo ilivyomtokea.

Lakini, baba, barua yako kamili ni ya kurasa mbili na nimeisoma mara mbili. Nimejua bei ya miwa, karo ya wadogo zake, na jina la ng'ombe mmoja. Hakuna mahali uliposema binti anaandika nini. Je, umewahi kumwomba akusomee?

BARUA: Madam, kampuni fulani imenipigia simu ikasema imeikubali riwaya yangu. Natakiwa kutuma shilingi 85,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Nifurahi? (Kijana wa Molo)

JIBU: Furaha iwe ya kiasi, na pesa usitume leo. Aliyekupigia ni mchapaji, si mchapishaji, na hiyo tofauti ya herufi chache ina bei ya pikipiki kuukuu. Mchapishaji hugharamia kitabu, kisha hukulipa mrabaha nakala zinapouzwa. Mchapaji unamlipa wewe, naye anakukabidhi maboksi. Kumlipa mchapaji si dhambi, wazuri wengi wameanza hivyo, mradi ujue kwamba unanunua karatasi iliyotiwa wino. Muulize ni nakala ngapi, jalada gani, nani atazisambaza. Akikwepa hilo la mwisho, basi zitakaa chini ya kitanda chako. Namba ya ISBN unaweza kuipata mwenyewe kupitia huduma ya maktaba ya taifa, kwa hiyo asikuuzie hiyo kama hirizi.

BARUA: Shikamoo Madam. Nahudhuria darasa la uandishi jioni hapa Kisumu. Mwaka jana nilisoma darasani hadithi kuhusu nyanya yangu, ambaye huanika omena kule ufuoni Dunga akiwa amevaa kandambili moja tu, mguu mwingine mtupu juu ya mchanga. Mwalimu aliipenda akaniomba nirudie kipande hicho. Miezi saba baadaye shairi lake limetoka jaridani, na humo yumo bibi anayeanika omena, na kandambili yake moja. Watu wanampongeza kwa "taswira". Mimi sijaimaliza hata hadithi yangu. Nikimwona nashindwa kumsalimia. Nifanye nini? (Wa Nyalenda)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako ilifika Jumanne na imekaa juu ya nyingine zote tangu siku hiyo.

Kwanza sheria, tuimalize haraka. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inalinda kazi yako tangu inapoandikwa, hata kama hujaisajili popote. Lakini inachokilinda ni maneno jinsi ulivyoyapanga. Wazo halilindi, wala bibi, wala omena. Weka hadithi yako na shairi lake bega kwa bega. Ukikuta sentensi zako zimehamia kwake kama zilivyo, una kesi. Ukimkuta nyanya tu, sheria itakuacha umesimama pale Dunga peke yako.

Sasa nikuambie jambo ambalo wanafunzi wangu wa zamani hawalijui. Mimi nimewahi kufanya hivyo.

Kulikuwa na shindano la hadithi za redio. Nikaandika kuhusu mlevi ambaye kila usiku, akifika mlangoni, huinamia kufuli na kulinusa kabla ya kulifungua, ili ajue kama mkewe ametoka siku hiyo: mafuta ya mikono yake hubaki kwenye chuma. Nilijivunia kufuli lile. Hadithi ikasomwa redioni nikalipwa shilingi 3,000. Miaka miwili baadaye nahamisha vitu, boksi likapasuka, madaftari yakamwagika. Nikaokota moja nikalifungua tu, kama mtu anavyofungua. Insha ya kidato cha tatu, "Jirani Yetu". Aya ya pili: jirani anarudi usiku, anainama, ananusa kufuli. Pembeni kuna mwandiko wangu mwekundu: "Vizuri sana!" Alama 16.

Nakuapia nilikuwa nimeamini kufuli lile ni langu. Mwalimu husoma insha kwa maelfu, hukaa ndani yake kama mchanga kwenye mfuko wa suruali, na siku akitia mkono kutafuta kitu chake hajui anatoa cha nani. Nakuambia hivi ujue inavyotokea. Simtetei mwalimu wako, maana yeye aliomba urudie kipande kile. Alikisikia mara mbili.

Nilimtafuta yule mvulana. Sasa ni fundi wa magari hapa Bondeni, mtu mzima mwenye watoto. Nilikwenda na daftari lake. Nilitarajia acheke, aseme "ah, Madam, mambo ya zamani". Hakucheka. Alifuta mikono, akaisoma insha yake yote amesimama, akaniuliza nililipwa pesa ngapi. Nikamwambia. Akasema, "Basi nusu." Nikamhesabia 1,500, akaingia ndani ya kibanda akatoka na kitabu cha risiti chenye alama za grisi, akaniandikia: "Kufuli 1." Tarehe, sahihi. Risiti hiyo ninayo. Iko ukutani hapa, juu ya mashine.

Tangu hapo meza yetu ina desturi mbili. Mwalimu naye lazima alete rasimu yake, isomwe na kuchambuliwa kama ya mwingine yeyote, kwa sababu anayesikiliza tu na hasomi chake huwa anakusanya. Na mtu akitaka kuchukua kitu cha mwenzake, aombe palepale kabla hatujainuka. Wengi hupewa. Juzi mmoja aliomba kuazima mbwa wa mwenzake wa miguu mitatu, akakubaliwa kwa masharti kwamba mbwa asife.

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wako. Usiende na kundi, usimwandikie kwa simu. Fika kabla darasa halijaanza, na rasimu yako yenye tarehe mkononi. Msalimie, hilo ni la lazima, shikamoo haimwondolei mtu kosa lake. Kisha mwambie: "Mwalimu, huyu ni nyanya yangu." Nyamaza hapo, mwache aseme. Akikiri, mwombe jina la nyanya liwekwe juu ya shairi likichapishwa tena, na akusaidie kuipeleka hadithi yako kwa mhariri yuleyule, akimwambia wazi nani alitangulia. Akikana na daftari liko mezani, tafuta darasa jingine. Kisumu haina uhaba wa watu wanaoandika.

Na hadithi imalize mwezi huu. Usiogope watu watasema umemwiga. Yeye aliona kandambili moja mguuni akaishia hapo, na shairi lake limeishia hapo. Wewe unajua ile nyingine iko wapi. Barua yako haikusema, na mimi tangu Jumanne nataka kujua.